Mwongozo kamili: jinsi ya kusoma kwa kujipima mpaka somo likae kichwani

"Nilisoma sura nzima, nikaielewa, lakini kwenye mtihani kichwa kilikuwa kitupu." Wasomaji wameniletea malalamiko haya kwa namna nyingi: wanafunzi wa sekondari, wa vyuo, na watu wazima wanaosomea cheti huku wakifanya kazi. Wengi wao walishaambiwa wajipime badala ya kurudia kusoma. Walijaribu kadi za maswali, zenye swali mbele na jibu nyuma, wakaziacha baada ya muda mfupi.

Nikiwauliza walivyofanya, nakuta wamekwama mahali palepale. Kadi moja imebeba aya nzima. Jibu limetazamwa kabla ya kulitafuta kichwani. Marudio yote yamefanyika siku moja. Na kadi iliyopatiwa mara moja imetupwa kabisa. Si uvivu huo, wala si akili ndogo. Njia ni nzuri, ila hawakuelekezwa namna ya kuitumia.

Fuata hatua zifuatazo kwa mada moja tu kwanza. Usianze na masomo yote kwa pamoja.

## Vitu vya kuandaa

- Kadi tupu, au karatasi nene zilizokatwa ukubwa wa kiganja. Programu ya simu au kompyuta kama Anki inafaa pia, maana inakupangia tarehe za kurudia. Kwa anayeanza napendekeza karatasi, kwa sababu ukiandika kwa mkono huwezi kunakili aya nzima bila kuchoka, na uchovu huo unakulazimisha kuchagua.
- Bahasha 5, zenye namba 1 hadi 5.
- Daftari la mazoezi na kalamu za rangi mbili tofauti.
- Kalenda ya kuandikia.
- Chanzo kimoja cha majibu unachokiamini: kitabu cha kiada, maelezo ya mwalimu, au mwongozo wa kusahihisha.
- Saa ya kupimia muda. Kama saa yako ni simu, zima data na uigeuze kifudifudi, au bora zaidi iache chumba kingine.

Kalamu ya kung'arizia sijaisahau, nimeiacha kwa makusudi. Mwaka 2013 mwanasaikolojia John Dunlosky na wenzake walipitia utafiti uliofanywa kuhusu mbinu 10 za kusoma. Kung'arizia au kupigia maandishi mistari, na kusoma upya, vilipewa daraja la chini kwa manufaa. Mbili tu zilipewa daraja la juu: kujipima, na kutawanya masomo katika siku mbalimbali. Mwongozo huu umesimama juu ya hizo mbili.

## Hatua ya 1: Andika utaulizwa nini, na lini

Chukua kalenda, weka alama siku ya mtihani au siku utakayohitaji maarifa hayo. Kisha andika sentensi moja kwa kila mada: nitatakiwa kufanya nini nayo? Kueleza? Kukokotoa? Kuchora na kutaja sehemu? Kutambua kosa?

Sababu ni kwamba unachozoea kufanya ndicho utakachoweza kufanya. Aliyekariri fasili ya mada anaweza kushindwa swali la kukokotoa kutoka mada hiyohiyo, akadhani amesahau, kumbe hajawahi kulifanyia mazoezi. Kama karatasi za mitihani iliyopita zinapatikana, zisome sasa, kabla hujagusa kitabu.

## Hatua ya 2: Elewa kipande kidogo kabla ya kukihifadhi

Gawa mada katika vipande vya kurasa mbili tatu. Akili hushika mambo mapya machache kwa wakati mmoja. Mwanasaikolojia Nelson Cowan, katika mapitio yake ya mwaka 2001, alikadiria kuwa ni kama manne hivi. Ukimwaga kurasa 20 kwa mkao mmoja, za mbele zinasukuma za nyuma.

Soma kipande chako polepole. Kama ni hesabu au fizikia, na mada ni ngeni kwako, anza na mifano iliyokwisha kukokotolewa. Pitia kila mstari ukijiuliza: huu umetokana na nini kwenye mstari uliotangulia? Usikimbilie maswali magumu kabla ya hapo. Utahangaika bila kujifunza.

Onyo: usitengeneze kadi ya kitu usichokielewa. Utakariri sauti ya maneno, na swali likigeuzwa kidogo tu umepotea.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumweleza mtu kipande hicho kwa maneno yako mwenyewe, bila kunukuu kitabu.

## Hatua ya 3: Funga kitabu, andika kila unachokumbuka

Hiki ndicho kiini cha kazi yote, na ndipo wengi wanapokwepa, kwa sababu inaumiza.

Funga kitabu. Kiweke mbali na mkono. Subiri dakika chache, unywe maji, unyooshe miguu. Kisha fungua ukurasa mtupu, uandike au uchore kila unachokumbuka kwa dakika 10. Tumia kalamu ya rangi ya kwanza. Ukikwama, kaa na mkwamo huo. Jaribu kuanzia upande mwingine wa mada. Muda ukiisha, fungua kitabu, uchukue kalamu ya rangi ya pili, ujaze mapengo na usahihishe makosa.

Tuchukue mfano wa moyo. Umesoma kurasa mbili za mzunguko wa damu, umefunga kitabu. Unachora vyumba vinne. Unaandika kwamba damu kutoka mwilini inaingia atriamu ya kulia (chumba cha juu), inashuka ventrikali ya kulia (chumba cha chini), inasukumwa mapafuni. Hapo unasita: ikirudi, inarudi upande gani? Unaandika "kushoto" bila uhakika. Kisha unaandika kwamba ateri zote, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, hubeba damu yenye oksijeni nyingi.

Ukifungua kitabu unakuta "kushoto" ni sahihi, na kwamba kauli ya ateri ina kosa, maana ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo. Unasahihisha kwa rangi ya pili. Na sababu ya ukuta wa ventrikali ya kushoto kuwa mnene zaidi hukuiandika kabisa, ingawa ulipoisoma uliona ni jambo la wazi.

Tazama ulichopata. Ndani ya dakika 10 umejua mambo matatu mahususi: moja ulikuwa na wasiwasi nalo, la pili ulilijua vibaya, la tatu halikukaa kabisa. Ungeweza kusoma kurasa zilezile mara tano bila kugundua hata moja, kwa sababu macho yakipita juu ya sentensi unayoifahamu, akili inasema "hii naijua" na kusonga mbele.

Ushahidi wa jambo hili ni mzito. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Kundi moja lilipata vipindi vinne vya kusoma. Lingine lilipata kipindi kimoja cha kusoma na vitatu vya kuandika wanachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma tu waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliosoma tu asilimia 40.

Rudia kusoma tarakimu hizo ukitilia maanani zile dakika 5. Ndizo zinazowadanganya watu. Usiku wa kubukua, kusoma upya kunaonekana kunafanya kazi, na kwa saa hiyo kweli kunafanya kazi.

Onyo: usifanye hatua hii kitabu kikiwa wazi pembeni, na usichungulie "kidogo tu". Pia usiache kusahihisha. Kujipima bila kurudi kwenye jibu sahihi kunaweza kukazia kosa.

Dalili ya kufaulu hapa si ukurasa uliojaa. Siku ya kwanza, ukurasa wenye rangi ya pili nyingi ni wa kawaida kabisa. Wasiwasi uanze pale rangi ya pili inapobaki nyingi vilevile mara ya tatu. Hapo rudi hatua ya 2, tatizo ni kuelewa.

## Hatua ya 4: Geuza mapengo kuwa kadi

Kadi zitoke kwenye rangi ya pili, pamoja na mambo machache ya msingi ambayo mada nzima inayategemea. Usitengeneze kadi kwa kila sentensi ya kitabu. Kadi mpya 10 kwa siku zinatosha, kwa sababu kila kadi unayoandika leo ni deni la kurudia kesho, wiki ijayo na mwezi ujao.

Kadi mbovu: mbele, "Eleza mzunguko wa damu." Nyuma, mistari 14. Hutajua kama umepatia au umekosa. Utakumbuka nusu, ujionee huruma, ujipe alama.

Kadi nzuri kutoka mada hiyohiyo:

- Damu ikitoka mapafuni huingia chumba gani cha moyo? (Atriamu ya kushoto.)
- Kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia? (Husukuma damu mwili mzima, ya kulia husukuma hadi mapafuni tu.)
- Ateri gani hubeba damu yenye oksijeni kidogo? (Ateri ya mapafu.)

Kila kadi ina jibu moja ambalo halina ubishi. Na angalia ile ya pili: inauliza *kwa nini*. Angalau theluthi ya kadi zako ziwe za "kwa nini", "ingekuwaje kama", au "tofauti ni nini". Ukiwa na kadi za majina na tarehe peke yake, utakuwa na kichwa kilichojaa vipande visivyoungana.

Kwa hesabu, mbele ya kadi weka swali lenyewe, nyuma weka hatua za kulitatua. Badilisha tarakimu kila unapoirudia, la sivyo utakariri jibu.

## Hatua ya 5: Panga siku za kurudia

Bahasha zinaingia hapa. Mpango huu wa kupandisha na kushusha kadi ulielezwa na mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972, na bado unafanya kazi vizuri.

1. Kadi zote mpya zinaingia bahasha ya 1, inayopitiwa kila siku.
2. Bahasha ya 2 hupitiwa kila baada ya siku 3.
3. Bahasha ya 3 kila wiki.
4. Bahasha ya 4 kila wiki mbili.
5. Bahasha ya 5 mara moja kwa mwezi.

Ukipatia, kadi inapanda bahasha moja. Ukikosa, inarudi ya 1, hata kama ilikuwa ya 5. Andika kwenye kalenda siku za kila bahasha ili usitegemee kumbukumbu.

Kwa nini kuweka nafasi kati ya marudio? Kwa sababu kukumbuka jambo lililoanza kufifia kunalikaza kuliko kukumbuka jambo lililo bado mdomoni. Ukubwa wa nafasi hutegemea muda unaotaka kukumbuka. Nicholas Cepeda na wenzake, mwaka 2008, waliona kwamba kwa mtihani wa wiki moja mbele, nafasi iliyofaa zaidi ilikuwa kama asilimia 20 hadi 40 ya muda huo, yaani siku 1 hadi 3 hivi. Kwa mtihani wa mwaka mmoja mbele, ni asilimia 5 hadi 10, ambayo ni takriban wiki 3 hadi 5. Kwa hiyo kama mtihani uko wiki tatu mbele, sahau bahasha ya 4 na ya 5. Tumia tatu za kwanza.

Namna ya kupitia kadi ina sheria moja isiyo na msamaha: sema au andika jibu kabla ya kugeuza kadi. Kulifikiria kwa mbali halafu kugeuza na kusema "ndiyo, nilijua" si kujipima. Jibu lisipokuja kwa muda wa pumzi chache, hesabu umekosa.

### Usitupe kadi mapema

Hili linastahili kichwa chake, maana ndilo kosa la watu makini. Mwanafunzi anapatia kadi mara moja, anaona hakuna haja ya kuisumbukia tena, anaitoa.

Mwaka 2008 Karpicke na Roediger walichapisha jaribio ambalo wasomaji wa Kiswahili watalipenda: wanafunzi Wamarekani walijifunza jozi 40 za maneno ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza, "mashua" likiwamo. Kwa baadhi ya wanafunzi, neno likishapatiwa mara moja liliondolewa kwenye majaribio, hata kama waliendelea kulisoma. Kwa wengine liliendelea kuulizwa. Wiki moja baadaye, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80. Walioondolewa maneno walikumbuka kama theluthi moja.

Na wote, walipoulizwa mwishoni mwa kipindi cha kujifunza wangekumbuka kiasi gani wiki moja baadaye, walikisia karibu nusu. Hakuna kundi lililohisi kilichokuwa kinatokea. Ndiyo maana nasisitiza kalenda na bahasha: hisia yako ya "hii nimeiweza" si kipimo cha kutegemea.

Utajua mfumo unakwenda vizuri pale bahasha ya 1 inapobaki nyembamba ingawa unaongeza kadi kila siku. Ikinenepa wiki mbili mfululizo, simamisha kadi mpya.

## Hatua ya 6: Changanya aina za maswali

Vitabu vingi vya hesabu vina maswali 20 ya aina moja yanayofuatana. Baada ya la tatu huhitaji tena kufikiri ni kanuni gani itumike, unajaza tarakimu. Mtihani haukuambii kanuni. Unachopimwa kwanza ni kutambua.

Doug Rohrer na Kelli Taylor walipima jambo hili mwaka 2007 kwa maswali ya ujazo wa maumbo manne. Wakati wa mazoezi, waliofanya kila aina kivyake walipatia asilimia 89, waliochanganya asilimia 60. Wiki moja baada ya zoezi la mwisho, waliochanganya walipata asilimia 63, na wale wengine 20.

Fanya hivi: ukishaelewa aina tatu nne za maswali, andika kila swali kwenye kipande cha karatasi, vichanganye, uvute kimoja kimoja. Kabla ya kukokotoa, andika mstari mmoja: "Hili ni swali la aina fulani, kwa sababu…" Ukikosea mstari huo, hata kama hesabu zako ni safi, umejua pa kurekebisha.

Utakosea zaidi kuliko ulivyozoea na utakwenda polepole. Usirudi nyuma kwa sababu hiyo.

## Hatua ya 7: Fanya mtihani wa majaribio

Siku kama 10 kabla ya tarehe yako, keti na karatasi nzima, kwa muda kamili, bila daftari. Kabla ya kuanza kusahihisha, andika pembeni alama unazotarajia. Sahihisha kwa ukali. Linganisha.

Tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata inakupa kazi ya siku zilizobaki. Mahali ulipojiamini ukakosa ndipo pa kuanzia, si mahali unapopapenda.

## Kuhusu akili mnemba

Wengi sasa wanaipa programu ya akili mnemba sura nzima, wanaomba muhtasari na kadi 100, wanapata ndani ya dakika moja. Nina wasiwasi wa kweli na jambo hili. Kuchagua kipi ni cha msingi, kukiweka kwa maneno yako na kugundua pengo lako ndiko kujifunza kwenyewe. Ukimwachia mwingine kazi hiyo, unabaki na karatasi nzuri na kichwa kilekile.

Itumie baada ya hatua ya 3, si badala yake. Iambie ikuulize swali moja moja kuhusu mada, isikupe jibu mpaka ujibu, kisha ikueleze ulipokosea. Na kila jibu linalokushangaza, lihakiki kwenye kitabu chako, maana programu hizi hukosea kwa sauti ileile ya uhakika.

## Ukisema "mimi ni mtu wa kuona, si wa kusikia"

Harold Pashler na wenzake walipitia madai ya mitindo ya kujifunza mwaka 2008, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtu hujifunza zaidi akifundishwa kwa mtindo anaoupendelea. Acha somo liamue. Moyo unahitaji mchoro, matamshi ya lugha yanahitaji masikio, na vyote viwili vinahitaji ujipime.

## Siku usiyo na muda, na siku ulizoruka

Ukiwa na dakika 10 tu, pitia bahasha ya 1 na uishie hapo. Usiandike kadi mpya.

Ukiwa umeruka siku kadhaa na kadi zimelundikana, usijaribu kuzimaliza kwa mkao mmoja. Utaanza kugeuza kadi bila kujibu. Chukua 30 kwa siku, ukianza na bahasha ya 1 na ya 2. Kadi mpya zisubiri mpaka rundo liishe. Za bahasha ya 4 na ya 5 zilizochelewa hazina hasara kubwa: zile utakazozikumbuka licha ya kuchelewa zipandishe kama kawaida, zilizobaki zirudishe bahasha ya 1.